Uso Umepona, Damu Bado

Térence Ndayiragije alikuwa mtu wa mpunga. Kule Luvungi, katika bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, majirani walimjua kuwa si msemaji, na kwamba hatoki shambani mpaka ahakikishe maji yameingia katika kila jaruba. Wenzake wakimwambia, "Baba Amandine, maji yamefika, twende nyumbani," yeye angetembea hadi mwisho wa mfereji, achutame, atie kidole kwenye tope, ndipo arudi kuchukua jembe lake.

Vita alivijua tangu utotoni. Mwaka wa 1996, alipokuwa bado shule ya msingi, milio ya bunduki ilianza upande wa Kamanyola, na watu wa Luvungi wakaijaza barabara na magodoro yao na kuku wao. Baba yake aliwaacha yeye na mama kando ya njia, akasema anarudi mara moja kuwafungulia mbuzi. Hakuonekana tena. Hakuna aliyemwona akifa na hakuna aliyemzika. Tangu hapo mama yake hakuchoka kurudia neno moja: vita vikija, familia haiachani. Mkikimbia, kimbieni pamoja. Térence alilishika neno hilo kama watu wanavyoishika sala. Siku alipomposa Léocadie, mwaka ambao mambo yalikuwa yametulia kidogo, hakumwahidi nyumba ya bati wala kitenge. Alimwambia, "Siku vita ikikuja, minye sitakuacha nyuma." Léocadie alicheka, akasema hajawahi kusikia posa ya namna hiyo. Lakini alikubali.

Shida yao ilianza na jino.

Ilikuwa katikati ya mwaka wa 2025. Amandine, binti yao wa kwanza, alikuwa katika umri wa kubadilisha meno, kwa hiyo jino moja la nyuma lilipolegea hakuna aliyeshtuka. Kisha shavu likavimba. Muuguzi wa zahanati akaling'oa lile jino, na la pili likalegea, na la tatu. Uvimbe ukapanda kuelekea jicho. Kila asubuhi Léocadie alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlangoni, na kila asubuhi shavu lilikuwa kubwa kuliko jana. Mama yake Léocadie, bibi kizee ambaye miguu ilikuwa imemkataa na ambaye waliishi naye, alisaga majani akamkanda mjukuu. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kuna mtu ameona wivu juu ya mavuno yao.

Léocadie alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kiume, Bertrand, hata kitovu kilikuwa bado hakijakauka. Hangeweza kusafiri. Térence ndiye aliyempakia Amandine kwenye pikipiki, akamfunga kitambaa usoni kumkinga na vumbi, wakateremka hadi Uvira.

Walipokelewa katika hospitali ndogo ya masista, juu kidogo ya mto Mulongwe. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mzaliwa wa mji huo, Daktari Claire, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama mtu anayehofia kumwamsha mgonjwa. Alimtazama Amandine mdomoni, kisha akamminya tumbo.

"Baba Amandine," alisema, "hii si ugonjwa ya meno. Minye ninaogopa ni kansa. Iko kansa moja inapenda mataya ya watoto. Inakua mbio sana, lakini ukiiwahi, inasikia dawa."

Neno hilo alikuwa amelisikia kwa wazee tu, tena redioni.

Daktari akamweleza shida iliyokuwapo. Zamani wangekata kinyofu cha uvimbe na kukipeleka Bukavu kikasomwe. Lakini tangu mwanzo wa mwaka ule mstari wa vita ulikuwa umekatisha barabara, na nyama ile ingeoza ikingoja. Kulikuwa na njia nyingine. Yeye na wenzake wa Bujumbura walikuwa wakijaribu kuutafuta ugonjwa ndani ya damu. Chupa moja tu ya damu, ivuke mpaka, isomwe huko.

"Ugonjwa iko kwenye taya," Térence alisema, "na munaenda kuitafuta ndani ya mukono?"

"Mvua ikinyesha kule juu kwenye milima, weye uko hapa chini Mulongwe, unajua aje?"

"Mto inabadilika rangi."

"Haujapanda mulima."

"Hapana."

"Basi ni vile. Mwili yetu yote inajengwa na vitu vidogo sana, na kila kimoja kinabeba maandishi yake ndani. Tunaita ADN. Kikikufa, maandishi inapasuka na vipande vinaingia ndani ya damu. Uvimbe nayo inakufa kidogo kidogo na inatupa vipande vyake. Lakini maandishi ya uvimbe imeharibika, haifanane na ya mwili muzima. Wenzangu wanatafuta vile vipande vyenye kuharibika."

Térence aliangalia mkono wa binti yake, mshipa mwembamba chini ya ngozi. Kisha akasema, "Kamateni damu."

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mwanamke wa Kamanyola aliyeitwa Bernardine, na mtoto wake Noella, mwenye uvimbe uleule. Daktari alipotoka, Bernardine alimwinamia Térence. "Weye umekubali mbio hivyo? Watu wanasema damu yetu inauzwa ng'ambo." Térence akamjibu kwamba kati ya damu ya mtoto na uso wa mtoto, unaoisha ni uso. Mama yule alicheka kwa huzuni. Kesho yake naye alikubali.

Majibu yalirudi upesi kuliko walivyotazamia. Vipande vilikuwapo, vingi mno. Watoto wote wawili wakaanza dawa kali ya mshipani.

Wodi ile ilijaa kina mama, na Térence alikuwa mwanamume peke yake. Mwanzoni walimcheka. Alifua nguo za binti yake kwenye beseni pamoja nao, akazianika juu ya ukuta, akajifunza kupika uji mwepesi usiomchubua mtoto mdomo. Nywele za Amandine zilipoanza kutoka mafungu mafungu, aliomba wembe akamnyoa mwenyewe, polepole, akimwimbia wimbo wa kupandikiza mpunga kwa Kirundi cha nyumbani. Mtoto alitapika, akalia, akakataa hata kuguswa naye. Halafu jambo likatokea ambalo kina mama walilizungumzia kwa siku nyingi: uvimbe uliyeyuka. Uliyeyuka kama chumvi ndani ya maji. Kabla mwezi haujaisha, shavu lilikuwa limeanza kurudi, jicho likafunguka vizuri, na Amandine akawa anaomba ndagala za kukaanga, samaki wadogo wa ziwani.

Térence alipiga picha kwa simu ya Bernardine, akamtumia Léocadie. Léocadie alimpigia akilia na kucheka kwa pamoja. Nyuma ya sauti yake walisikika majirani wakipiga vigelegele, na mtoto Bertrand akilia kwa kelele hizo.

"Munarudi lini?" aliuliza.

"Dawa bado kidogo. Tukimaliza, tunapanda."

Daktari Claire aliendelea kuchukua damu baada ya kila mzunguko wa dawa. Kila mara jibu lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza. Wodini walishaanza kuzungumza habari za kurudi nyumbani, nani atavaa nini, nani atapika nini. Ndipo siku moja, baada ya chakula cha mchana, daktari akamwita Térence barazani. Hakuketi. Alisimama ameegemea ukuta, mikono ndani ya koti.

"Uso umepona," alisema. "Damu bado."

"Aje?"

"Vile vipande vilikuwa vinapungua. Sasa vimeanza kupanda tena. Kidogo sana, lakini vimepanda. Nimemupima tumbo kwa ekografi, ile mashini ya kuona ndani, sioni kitu. Nimemugusa shingo, sioni kitu. Kwa macho, mutoto wako ni muzima. Lakini ninafikiri ugonjwa imejificha fasi fulani na itarudi."

"Unafikiri, ao unajua?"

"Ninafikiri. Kipimo hii bado tunajifunza nayo, Baba Amandine. Siwezi kukuapia. Ningetaka kukamata damu mara ya pili, lakini gari ya kuvusha chupa haipiti tena kila siku, na sasa kule mupakani watu ni wengi. Ikiwa ni ukweli, tunapashwa kuongeza dawa sasa, yenye nguvu kupita ile ya kwanza. Tukingoja uvimbe ionekane, hapo nitakuwa nimechelewa."

Térence alirudi wodini akamkuta Amandine anacheza na Noella chini ya kitanda, wakipikiana udongo katika vifuniko vya chupa. Alimtazama kwa muda mrefu. Alimvuta, akampapasa taya kwa vidole vyote, juu na chini, kama anavyotafuta mwamba ndani ya tope. Hakukuta kitu. Amandine alicheka, akasema anamtekenya.

Noella alikuwa na majibu yaleyale. Bernardine alimsikiliza daktari hadi mwisho, akashukuru, kisha akaanza kukunja vitenge. "Minye nina watoto wengine kule," alimwambia Térence. "Huyu ninamuona, iko anacheza. Wale siwaone. Mungu anisamehe."

Siku hizohizo Léocadie alipiga simu, na safari hii hakucheka. Mizinga ilikuwa ikilia Kamanyola mchana kutwa. Watu walikuwa wameanza kuteremka. Bertrand alikuwa na homa.

"Kuja utukamate, tushuke pamoja," alisema.

Térence alimweleza habari ya damu. Alieleza vibaya. Maneno ambayo daktari aliyasema yakawa laini, kwake yalitoka kama mawe.

"Vipande?" Léocadie alisema. "Vipande vya nini? Nimeona picha. Uso wake ni muzima!"

"Damu bado, Mama Amandine."

"Weye uliiona hiyo damu?"

"Hapana. Iko inasomwa na mashini."

"Térence." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu wapate mtoto. "Mama hatembei. Minye niko na mutoto mugongoni. Nani atamubeba mama? Uliniambia nini siku ile kwa baba yangu?"

Alimwambia, "Ninakuja."

Alimwomba Bernardine akae na Amandine siku moja tu. Bernardine alikubali, ila akamwonya waziwazi: kesho asubuhi anaondoka na gari la mjomba wake, litakalozungukia Burundi, liwe liwalo, na mtoto atabaki peke yake kama baba hajarudi. Daktari Claire naye alimwambia kwamba dawa mpya inaanza kesho hiyohiyo. Chupa za dawa alizokuwa nazo hazingekaa kwa ubaridi kama umeme ungeendelea kukatika, na hakujua kama zingekuja nyingine. Hakumzuia. Alisema tu, "Minye siwezi kukuchagulia."

Térence alipata pikipiki asubuhi ileile. Walipita Kavimvira, wakashika njia ya bonde. Kadiri walivyoendelea, watu waliokuja mbele yao walizidi kuwa wengi: kwanza mmoja mmoja, kisha makundi, kisha barabara nzima. Wanawake walikuwa na magodoro kichwani, wanaume wakisukuma baiskeli zilizobebeshwa wazee. Kufika Kiliba, dereva akasimama. "Mzee, minye siendi mbele."

Térence alishuka. Akaanza kuuliza kila aliyepita: wa Luvungi? Wa Luvungi? Mwanamume mmoja akamjibu bila kusimama kwamba njia imekatwa huko juu, kwamba watu wa Luvungi wengine wamekimbilia mtoni kuvuka Ruzizi, wengine wamebaki ndani ya nyumba. Mwanajeshi akampigia kelele arudi nyuma.

Barabara ilikuwa imefungwa, lakini yeye hakuwa mtu wa barabara. Bonde lile alilijua kwa miguu, kila mfereji na kila tuta. Angeweza kupita mashambani, ajifiche kwenye miwa, alale njiani na kufika kesho. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haiwezekani. Alitoka barabarani, akaruka mtaro, akatembea ndani ya shamba la watu hadi maji yakamfika kwenye vifundo. Hapo akasimama.

Kesho. Kesho Bernardine anaondoka. Kesho dawa.

Alimpigia Léocadie. Simu haikushika. Akapiga tena na tena, akasikia sauti ileile ya mwanamke wa kompyuta ikimwambia kwa Kifaransa kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Alimwona mke wake amesimama mlangoni, anaangalia njia. Alimwona baba yake akirudi kufungua mbuzi. Kisha akamwona Amandine akitekenywa na kucheka, mzima kabisa. Mtoto aliyeonekana mzima ndiye aliyemwogopesha kuliko wote, kwa kuwa, ukimtoa daktari, hakuna mwingine duniani aliyeamini kwamba anaumwa.

Aligeuka. Baadaye, watu walipomuuliza ilikuwaje, hakuweza kusema kwamba aliamua. Alisema miguu ilirudi Uvira na yeye akaifuata. Aliingia katika ule mto wa watu akiwa mikono mitupu, akalia njia nzima waziwazi, na hakuna aliyemshangaa, kwa kuwa wengi walikuwa wakilia.

Amandine alianza dawa mpya. Ilimwangusha kabisa. Mdomo ulijaa vidonda, homa ikapanda, akawa hana nguvu hata ya kulia. Bernardine aliondoka na Noella, akamwachia Térence sabuni yake na nusu ya unga wake. Hadi leo Térence hajapata habari zao. Kila mtu wa Kamanyola anayekutana naye humuuliza, na hakuna anayejua kama yule mtoto alipona ama uvimbe ulirudi.

Kisha vita vikafika mjini. Milio ilianzia milimani, ikateremka. Majeruhi wakajaza vijia vya hospitali, na kina mama waliobaki wakaenda kulala chini ya vitanda na watoto wao. Daktari Claire alifanya kazi macho yakiwa mekundu, akitoka kwa majeruhi na kurudi kwa watoto. Mzunguko ule wa dawa ulikamilika katikati ya milio hiyo. Asubuhi moja daktari aliposikia kwamba mji uko karibu kutekwa, alimwendea Térence.

"Mubebe mutoto, uvuke. Nimesema na mwenzangu wa Bujumbura, Daktari Hatungimana. Anajua jina la Amandine, anajua dawa yake. Umutafute."

"Na weye?"

"Minye niko na wagonjwa hawawezi kubebwa."

Térence alimfunga Amandine mgongoni kwa kitenge kama mwanamke, akateremka Mulongwe, akaungana na watu. Pale mpakani walisukumana mchana kutwa chini ya mvua. Mwanamke mmoja alipoona kichwa cha mtoto kisicho na nywele na mdomo wenye vidonda, alipiga ukelele kwamba kuna ugonjwa, na watu wakawapisha. Kwa namna hiyo walivuka.

Bujumbura, Daktari Hatungimana aliwapokea. Matibabu yakaendelea. Homa ya Amandine ilishuka, vidonda vikaanza kufunga, na siku mtoto alipoweza kumeza wali, Térence alitoka nje akaanza kutafuta. Alikwenda kila mahali wakimbizi walikoshushwa. Mwishowe alikutana na Onesphore, jirani wa Luvungi, aliyekuwa amekaa juu ya bidoni ya maji mbele ya kanisa.

Onesphore alimwamkia, kisha akaangalia chini. Alisema kwamba bibi kizee alikataa kubebwa. Alimfukuza binti yake kwa fimbo, akamwambia amwokoe mtoto, akabaki ndani. Léocadie alivuka Ruzizi na watu wengine, maji kifuani, Bertrand amemweka juu ya kichwa. Sasa yuko kambini, upande wa Cibitoke.

"Na mutoto?"

"Uende umuone mama yake," Onesphore alisema. "Uende mbio."

Alimkuta Léocadie ameketi mbele ya turubai, mgongo ukiwa umenyooka, kitenge cha kubebea mtoto kimekunjwa vizuri juu ya magoti yake. Térence alisimama mbele yake. Hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza.

"Bertrand iko wapi?"

"Alihara. Watoto wengi walihara. Wakamuzika kule nyuma, kwenye shamba ya mutu."

Térence akaketi chini kwenye tope. Alitaka kumshika mkono, Léocadie akauondoa. Watu wakapita katikati yao na ndoo za maji.

"Amandine iko muzima?" hatimaye aliuliza mama yule.

"Iko anakula."

"Ya Amandine mulisoma mpaka ndani ya damu," Léocadie alisema, polepole, bila hasira. "Bertrand aliumwa mbele ya macho ya watu wote, na hakuna mutu alimusoma."

Térence alimwambia kwamba Amandine yuko Bujumbura na anamngoja.

Léocadie alikwenda naye Bujumbura, lakini alikwenda kwa ajili ya binti yake. Alipomwona, alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirishani kama alivyokuwa akifanya nyumbani, akamtazama shavu hili na shavu lile. Ndipo akalia kwa mara ya kwanza, Amandine akiwa amebanwa kifuani mwake akilalamika kwamba anakosa pumzi.

Matibabu yalipomalizika, damu ilichukuliwa tena. Daktari Hatungimana aliwaita wote wawili. Alisema kwamba safari hii hawakuona kipande hata kimoja kilichoharibika. Alisema pia kwamba hilo si kiapo, na kwamba mtoto atarudi kupimwa kila baada ya miezi michache.

Léocadie alimkazia macho. "Dokta, ninauliza neno moja. Kama baba yake angekuja kutukamata siku ile, kama angeacha ile dawa, huyu angekufa?"

Térence aliangalia sakafu. Alitaka sana jibu liwe ndiyo, na papo hapo akajiona mtu mbaya kwa kutaka hivyo.

"Sijui, mama," daktari alisema. "Inawezekana sana ugonjwa ungerudi. Lakini sijui."

"Asante," Léocadie alisema. "Wengine wangenidanganya."

Hawakurudi Luvungi mwaka huo. Térence alipata kibarua katika mashamba ya mpunga ya upande wa Burundi, ng'ambo ya mto ule aliozaliwa kando yake. Léocadie alisema naye mambo ya chumvi na maji na dawa ya mtoto, basi. Wakati mwingine, akiwa anapepeta mchele, alikuwa akisimama ghafla na kuuacha ungo, na Térence alijua mawazo yake yako wapi. Hakumwita. Habari za bibi zilikuja baadaye: majirani waliobaki walimkuta kitandani amefariki, wakamzika nyuma ya nyumba, na Léocadie alizipokea kama mtu anayepokea jambo alilolijua zamani.

Nywele za Amandine zilianza kuota, laini kama za kifaranga. Ni yeye aliyeuliza siku moja, katikati ya chakula, Bertrand amelala wapi. Alitaka kupaona. Wazazi wakatazamana, kisha Léocadie akasema, "Tutaenda."

Walikwenda siku ya Jumapili baada ya misa. Kambi ya muda ilikuwa imeshaondolewa, pamebaki vijiti na mifuko ya plastiki. Mwenye shamba, mzee mwenye adabu, aliwaonyesha mahali: vilima vidogo vya udongo vimepangwa mstari, vingine vimeshaota majani. Alikuwa hajalima hapo, alisema, wala halimi. Léocadie alienda moja kwa moja kwa kimoja bila kuelekezwa.

Térence alipiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Aling'oa kwa uangalifu, akitoa na mizizi, akikusanya pembeni. Amandine akamsaidia. Térence alipokuwa anasogea kuelekea upande wa pili, mguu wake ukakaribia ukingo wa udongo ule.

"Usikanyage hapo," Léocadie alisema. "Ni kichwa."

Akaurudisha mguu. Léocadie akachutama karibu naye, akamshika mkono, akauweka juu ya udongo, akamwonyesha: hapa kichwa, hapa miguu. Kisha na yeye akaanza kung'oa.